Maharagwe Yaliyokataa Kuiva Mlimani

Mwende wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Ayany kuchukua hema la mwisho, na begi lako umeliacha katikati ya nyumba kama mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kukaa. Nimelizunguka mara tatu nikienda jikoni. Nimeamua kuandika kabla hujarudi, kwa maana ukiwa hapa utaniuliza naandika nini, na mimi sijui kukudanganya. Au tuseme najua, na hiyo ndiyo sababu ya barua yenyewe.

Sitakuandikia habari ya soksi. Soksi uliambiwa na baba yako, ukaambiwa tena na nyanya yako kwa simu kutoka Kitui, ambaye hajawahi kukanyaga baridi ya maana lakini ana maoni mengi kuihusu. Kofia pia naiacha, na kupiga simu ukifika naiacha. Wewe ndiye umepanga safari nzima, siku sita, watu wanane, mpaka kila mmoja anajua atabeba vitunguu vingapi. Wenzako wakishuka siku ya sita watarudi Nairobi, na wewe utabaki kule chini ya mlima kuanza kujifunza kazi ya kuongoza wageni. Hilo la kubaki bado najifunza kulizoea. Lakini nina furaha, uniamini. Miezi hii mitatu nimefurahi kuliko nilivyofurahi kwa miaka, na nataka nikuambie hivyo kwanza kabla sijafika kwenye lile linalonitia aibu.

Nimefurahia mikutano yenu. Kila Jumapili baada ya kanisa mnajazana hapa, wengine kitandani, wengine kwenye ndoo zilizogeuzwa, mnabishana juu ya mchele kama wabunge. Nimefurahia siku mlipogundua kwamba hakuna mlima wa kufanyia mazoezi hapa Kawangware, mkaamua kupanda ngazi za zile fleti za Kabiro ambako maji ya bomba hayafiki juu, kila mtu na mtungi wa lita ishirini mgongoni, mkiwapelekea wapangaji wa ghorofa ya sita bila malipo. Mama mmoja wa kule juu alinijia kwenye meza yangu ya maharagwe akaniuliza ninyi ni wa kanisa gani, kwa sababu anataka kuhamia huko. Nikamwambia ni kanisa la kupanda mlima. Akasema hata hilo ni sawa, bora maji yaendelee kufika.

Na baba yako je? Mtu aliyejenga nusu ya ploti za mtaa huu na hajawahi kwenda likizo hata moja, akaenda akaazima mizani ya yule jamaa wa kununua vyuma kuukuu, akaining'iniza mlangoni, akapima begi lako. Akakwambia utoe kilo mbili. Ukatoa Biblia na sabuni. Ukamwangalia, ukarudisha Biblia, sabuni ikabaki. Siku sita, Mwende. Nawahurumia watakaolala nawe hema moja.

Lakini siku niliyoipenda zaidi ni ile asubuhi baada ya mvua, uliponiita juu ya paa nilipokuwa sijamaliza hata kuvaa viatu. "Mum, kam uone. Uko clear." Nikapanda. Nguo za wapangaji zikiwa zimening'inia, na kule mbali nyuma ya mji wote, mlima. Mdogo, umechongoka, na weupe kidogo juu. Ukanishika bega, ukasema, "Si uliwahi kuenda huko na vijana wa church? Mbona huongeleangi?" Nikakwambia nguo zimekauka, nisaidie kuzianua. Zilikuwa bado zinachuruzika maji.

Sasa sikiliza.

Jumapili iliyopita mligawana mizigo ya mwisho. Mimi nilikuwa hapo jikoni, nimewapa mgongo, nawapakulia. Ukasoma orodha. Kioko akapewa stovu. Ukafika kwa gesi ya akiba, ile mitungi midogo, na mtu akasema apewe Atieno, kwa sababu Atieno ndiye aliyepanda ngazi za Kabiro bila kupumzika hata mara moja. Ukacheka. Ukasema, "Gesi kwa Atieno? Zii. Huyu ni mtoto wa Kifuniko. Apewe tishu na vitunguu." Nyumba nzima ikacheka. Atieno naye akacheka, akasema, "Ni sawa, mimi ni wa tishu." Mimi niliendelea kupakua. Nilimpakulia mtu mmoja mara mbili, na sikuona.

Baadaye wengine walipotoka, Atieno alibaki kuosha vikombe. Nilimwona amesimama mbele ya ile orodha uliyoibandika ukutani, kidole kikiwa kwenye jina lake, anasoma tena kana kwamba kuna kitu alichokiruka.

Wewe hukufanya kwa ubaya. Mzaha huo umeusikia tangu ukiwa mdogo. Kila mtu kanisani anajua kwamba Mama Atieno ndiye aliyeachia mafuta ya taa yakamwagika mlimani, ndiyo maana vijana wa wakati ule hawakufika kileleni, na ndiyo maana wanamwita Kifuniko hadi leo. Umeusikia mezani kwangu. Umenisikia nikiucheka. Ila hujawahi kusikia kwamba ni uongo, na aliyeuanzisha ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili hapa Kawangware, na tayari nilikuwa nauza maharagwe. Najisifu lakini nasema kweli, hakuna aliyenifikia. Watu walivuka barabara kutoka Kabiro kuja kwangu na sufuria zao. Kwa hiyo vijana wa kanisa tulipopanga kupanda mlima, tisa kwa jumla, hakuna aliyeuliza nani atasimamia chakula. Mafuta ya taa, lita tano, yakapewa Akinyi. Ndiye Mama Atieno unayemjua. Wakati huo alikuwa binti tu, ametoka upande wa ziwa, na alikuwa na miezi miwili tangu ajiunge na kanisa letu.

Tulikubaliana kubeba mchele na tambi. Mwongozaji wetu, kijana wa kule kwenye mteremko aliyeitwa Murithi, alikagua mizigo asubuhi ya kwanza, akakuta kilo tatu za maharagwe chini ya kabichi. Akaniambia, "Dada, hizi rudisha. Huko juu haziivi." Mimi nikamwangalia kutoka juu hadi chini. Nimechemsha maharagwe tangu darasa la nne, halafu mvulana anikalishe chini anifundishe. Nikamwambia sawa, nimerudisha. Nikayahamishia kwenye mfuko wangu wa kulalia.

Usinicheke peke yako, mwite na baba yako mcheke pamoja. Ni yeye tu niliyemwambia sehemu hii, na hata yeye sikumwambia yote.

Mlima wenyewe ulikuwa mzuri, Mwende, na hilo hakuna atakayeliharibu. Siku ya pili tulitoka kwenye msitu, tukaingia kwenye nyika ya juu ambako mimea ni mirefu kuliko mtu na ina majani ya manyoya kama sikio la ng'ombe. Tulijaribu kuimba pambio, pumzi ikaisha kwenye ubeti wa kwanza, tukakaa chini tukicheka bila sauti. Akinyi alikuwa anatembea na mtungi wa mafuta ameufunga kwa leso ili usicheze. Kila tukipumzika aliukagua. Hilo nalikumbuka vizuri sana, na ningependa nisingelikumbuka.

Alasiri hiyo Murithi akawachukua wengine kupanda kidogo na kurudi, ili miili izoee hewa nyembamba. Mimi nikabaki kupika. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu, wakirudi wakute maharagwe, washike vichwa. Nikawasha stovu. Maji yakachemka haraka kuliko nilivyowahi kuona. Nikafurahi. Saa moja ikapita, maharagwe ni changarawe. Nikaongeza magadi. Saa ya pili, changarawe. Maji ya kule hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha, ndiyo maana. Nilikuja kuelezwa baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba maharagwe yameamua kunidharau. Niliposikia sauti zao kwa mbali niliyaficha, nikapika wali na kabichi upesi, wakala, wakanisifu. Murithi naye akanisifu.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mafuta yalikuwa bado nusu. Ningesema, "Jamani, nimekosea, nilibeba maharagwe, yametuchomea mafuta," wangenicheka mpaka walale, na tungefika kileleni na hiyo nusu. Lakini nilikuwa sijawahi kushindwa na maharagwe. Usiku wa manane nikaamka wenzangu wakiwa wamelala, nikachukua stovu na mtungi, nikaenda nyuma ya jiwe kubwa, nikaendelea. Barafu ilikuwa imeganda kwenye nyasi. Nilikuwa nayabembeleza kwa Kikamba. Stovu ikakohoa mara mbili ikazima, nikainua mtungi, hakuna kitu. Nikayamwaga maharagwe kati ya mawe. Nadhani hata pimbi waliyakataa.

Wenzangu wakaamka wakitaka chai. Mtu akatikisa mtungi akauliza mafuta yako wapi. Wote wakaniangalia mimi kwanza, kwa sababu mimi ndiye mpishi, na hapo ndipo niliposema. Sikumtaja mtu. Nilisema tu, "Labda kifuniko hakikufungwa vizuri." Wakageuka wote wakamwangalia Akinyi. Akinyi akaangalia mtungi, kisha akaniangalia mimi, kwa muda hivi. Halafu akasema, "Poleni sana jamani."

Bila moto hakuna chai, hakuna wali, na baridi ile si ya mkate mkavu. Murithi akasema tunashuka. Kileleni tulikuwa tufike kesho yake alfajiri. Kuna mwenzetu aliyekuwa amehangaikia ruhusa kazini kwa miezi minne kwa ajili ya siku hiyo moja. Alikuwa wa kwanza kufunga begi lake.

Ukitaka ukweli kamili, ni huu ambao ni mgumu kuuandika. Nilifurahia kushuka. Mvua ilitukuta msituni tukateleza kwenye matope kama watoto, na chini kabisa mama mmoja wa shambani akatupa viazi vya kuchemsha na chumvi, na sijawahi kula viazi vitamu kama vile. Pale kwenye viazi ndipo mtu alipomwita Akinyi Kifuniko kwa mara ya kwanza. Nilicheka. Uongo wangu haukunizuia kula wala kulala. Nilikuwa nadhani mtu akisema uongo atajisikia vibaya papo hapo, kwa hiyo nisipojisikia vibaya basi si uongo sana. Ubaya ulikuja polepole, kwa miaka. Ulikuja kila walipogawana kazi kanisani na kusema kwa mzaha, "Funguo msimpe Kifuniko." Ulikuja alipofungua kibanda chake cha maji kule Mashimoni, mwanamke anayejaza mitungi ya watu na kuifunga kuanzia asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kwamba maji yamemwagika.

Leo asubuhi nimeenda Mashimoni. Sikumpigia simu kwanza, ningejipa nafasi ya kughairi. Nilimkuta anajaza maji, watu wamepanga foleni. Nikasimama pembeni mpaka akamalizana nao, akaniingiza nyumbani kwake, akanipa kiti. Nikamwambia, "Akinyi, yale mafuta ni mimi."

Akasema, "Najua."

Nikadhani hajanielewa. Nikaanza tena. Akaninyamazisha kwa mkono. "Mama Mwende, nilikuona. Niliamka kuenda haja, nikakuona nyuma ya jiwe na sufuria. Ulikuwa unaongelesha hizo maharagwe zako."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akaniangalia kama vile nimeuliza swali la mtoto.

"Nani angeniamini? Wewe ndiye ulikuwa unalisha kila mtu. Mimi nilikuwa nimekuja juzi. Nikasema, huyu atasema mwenyewe leo. Hukusema. Nikasema atasema Jumapili." Akapumua. "Na usifikirie nilikusamehea haraka. Si unakumbuka nilikaa mwaka mzima bila kukununulia maharagwe? Nilikuwa naenda kwa yule mama wa kona."

"Nilifikiri ni chumvi," nikamwambia. "Nilipunguza chumvi kwa ajili yako."

"Haikuwa chumvi. Ilikuwa wewe."

Hapo akacheka, Mwende. Akacheka akashika kifua, na mimi nikacheka huku nalia, na wateja wapya waliofika wakawa wanachungulia mlangoni. Nikaona nafasi imepatikana, nikaanza kumwomba msamaha. Kicheko chake kikaisha.

"Hapana. Usiniombe msamaha hapa. Hapa kwangu hakuna mtu aliwahi kunicheka." Akatazama mlangoni. "Na mimi hilo jina nimeshazoea. Lakini Atieno alirudi Jumapili akaniuliza, 'Mum, kwani uliwafanyia watu nini huko mlimani?' Sikumjibu. Nilikuwa nangoja wewe."

Nimetembea kutoka Mashimoni hadi hapa nyumbani, sikutaka gari. Nilikuwa nakufikiria wewe njiani, kuliko hata Akinyi. Watu saba watakufuata kwenye baridi kwa sababu wanakuamini. Nimekutazama ukipanga, na unapanga vizuri kuliko nilivyowahi kupanga chochote. Umeamua mwenye mwendo wa polepole atembee mbele ili wengine wasimwache. Sikukufundisha hilo, na nilipolisikia nilitoka nje nikajisifu kwa jirani. Ila mtu anayeaminiwa na wote, neno lake moja dogo linatosha kumgeuza mwenzake kuwa mkosaji. Mimi nilihitaji maneno manne tu. Na yule aliyeona atanyamaza, si kwa sababu hajui, bali kwa sababu anapima nani ataaminiwa. Kwa hiyo kule juu, ukiona mtu amesema pole upesi mno, kaa naye kidogo. Muulize ukiwa naye peke yake. Na ukikosea wewe, maana utakosea, kama unavyokosea hata vitunguu hapa nyumbani, sema mafuta yakiwa bado nusu. Utachekwa. Kuchekwa na watu wanaokupenda hakuumi hata robo ya uchungu ninaoujua mimi.

Mkilazimika kurudi kabla ya kilele, rudini. Mimi sikufika kileleni, na mlima nilioubeba kifuani miaka hii yote ni mzuri tu. Kilichonisumbua hakikuwa kilele.

Orodha yako siigusi. Nani abebe gesi utaamua wewe, wewe ndiye kiongozi, na nisingependa Atieno apewe gesi kwa kuhurumiwa. Mpe kwa sababu ya zile ngazi za Kabiro, au usimpe kwa sababu yako yoyote nyingine ya haki.

Jambo langu ni moja. Umeniambia tuagane hapa mlangoni kesho, nisije mpaka pale Ayany mnapopandia gari, kwa sababu nitakuaibisha kwa kulia. Nitakuja. Nitakuja na Mama Atieno, tumeshakubaliana, amemwachia jirani kibanda kwa saa moja. Nimekuandikia ili usishtuke ukituona, na ili usikimbilie kunitetea, kwa maana nakujua. Mtakapokuwa mmesimama wote wanane na wazazi waliokuja, nitaomba dakika mbili. Nitasema nilibeba maharagwe nikakatazwa, nitasema nilimaliza mafuta, nitasema nilimsingizia Akinyi mbele ya watu na nimekuja kumwomba msamaha mbele ya watu. Wataanza kucheka, hasa Kioko. Waache, Mwende. Waache wacheke mpaka watosheke, kwa sababu kicheko hicho kilikuwa changu tangu siku ile, na amekibeba mwenzangu.

Nakupenda kuliko ninavyojua kusema,
Mama yako